Nani Alikuwa Ndani ya Pipa?

Leo ni historia. Tunawaletea watu wenye roho ngumu, waliosimama mbele za watu wakasema "sisi tutapanda juu", na kweli wakapanda kidogo, halafu wakaanguka kwa kishindo. Wengi wamesahaulika kabisa. Wachache wanakumbukwa, lakini kama kichekesho tu.

Kucheka tutacheka, maana vingine vinachekesha kweli. Lakini tulipokuwa tunasoma na kuulizana, swali moja lilikuwa linarudi kila mara: jambo likienda vibaya, ni nani hasa anayeumia? Ni yule aliyejisifu, au ni mwingine? Shikeni swali hilo, twende nalo.

BIHARWE

Tuanze kwa jirani. Ukitoka Mbarara kwa barabara ya Masaka utapita Biharwe. Wengi wetu tunapita pale ndani ya teksi tukiwaza nauli na karatasi za Kampala, hata shingo hatugeuzi. Kumbe pale pana mnara wa ukumbusho, uliozinduliwa mwaka 2014, wa siku ambayo jua lilizimika mchana.

Masimulizi ya zamani yanasema hivi. Omukama Olimi wa Kwanza, mfalme wa Bunyoro, alikuwa mtu wa vita. Bunyoro ilikuwa na nguvu sana, na Nkore ilikuwa bado ufalme mdogo. Olimi akashuka na jeshi lake mpaka huku. Alikuwa na kila sababu ya kushinda, na alikuwa ameshaanza kushinda: watu wamekimbia, ng'ombe wamechukuliwa. Halafu, pale Biharwe, jua likaondoka angani. Giza likaingia mchana kweupe. Jeshi zima likageuka, likakimbia kurudi kwao, na ng'ombe wakaachwa nyuma.

Wanahistoria wamelinganisha masimulizi hayo na hesabu za kupatwa kwa jua, wakafikia tarehe 17 Aprili 1520. Ndiyo maana Biharwe ni muhimu katika historia ya Uganda. Zamani hizo hazina tarehe nyingi zilizoandikwa, kwa hiyo siku hiyo moja imekuwa kama kigingi. Unafunga kamba hapo, kisha unahesabu wafalme wa mbele na wa nyuma.

Sasa angalieni kitu. Mnara unakumbuka jua. Vitabu vinakumbuka mfalme. Mama wa Nkore aliyekimbia na watoto mgongoni siku kadhaa kabla jua halijazimika, yeye hana mstari hata mmoja. Sisi mtu wa namna hiyo tunamjua vizuri, wengi wetu tumelelewa naye. Kwa hiyo tumeona tumtaje kwanza.

KIBUKA WA MAWINGUNI

Vita vya Bunyoro havikuishia Nkore. Upande wa Buganda, Baganda wanasimulia kwamba Kabaka Nakibinge alikuwa amebanwa vibaya na Banyoro. Akaomba msaada visiwa vya Ssese, katika lile ziwa ambalo wazungu waliliita Victoria. Akapewa Kibuka, ndugu wa Mukasa, mungu wa ziwa.

Kibuka hakupigana chini kama watu wengine. Alipanda mpaka mawinguni, akasimama juu ya jeshi la adui, akawanyeshea mishale kutoka huko. Hebu fikiria, karne ya 16, mtu amejigeuza droni! Banyoro walikuwa wanakufa na hawajui kifo kinatokea wapi.

Alikuwa amepewa onyo: asijihusishe na wanawake wa adui, na adui asijue yeye yuko wapi. Hakusikia. Alichukua mwanamke mmoja wa Kinyoro aliyetekwa vitani, akampeleka nyumbani kwake. Yule mama akaangalia, akasikiliza, akaelewa: kumbe huyu anapigana akiwa ndani ya wingu. Usiku akatoroka akarudi kwa watu wake. Vita iliyofuata, wapiga mishale wa Bunyoro waliinua pinde juu, wakalenga lile wingu. Kibuka akapatwa. Akaruka akiwa na jeraha mpaka Mbale ya Mawokota (siyo ile Mbale ya mashariki), akatua juu ya mti mkubwa, na huo ukawa mwisho wake. Nakibinge naye alikufa vitani.

Baganda walimfanya Kibuka mungu wa vita. Vitu vyake vitakatifu vilichukuliwa wakati wa ukoloni, vikaishia kwenye jumba la makumbusho la Cambridge, Uingereza, na vikarudishwa Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru.

Tunamheshimu Kibuka kwa jambo moja: ndani ya wingu lile alikuwa yeye mwenyewe. Hakumtuma mtoto wa mtu. Mshale ulipokuja, ulimkuta yeye.

Lakini hadithi hii kwa kawaida inasimuliwa kama onyo: "jihadhari na wanawake". Dada zetu wa kikundi walikataa hapo hapo, na tukaona wana haki. Yule mama alikuwa mateka. Amepelekwa kwa nguvu kwenye nyumba ya mtu aliyewaua ndugu zake. Akatumia akili, akatoroka usiku, akavuka nchi ya vita, akaokoa watu wake. Tukitafuta jasiri aliyefaulu katika hadithi hii, ni yeye.

PIPA LA ZAMBIA

Sasa turuke miaka mia nne na zaidi, mpaka Zambia, mwaka 1964. Marekani na Urusi wanashindana nani atafika mwezini kwanza. Zambia yenyewe inangoja uhuru wake tarehe 24 Oktoba. Na pale Lusaka kuna mwalimu anaitwa Edward Makuka Nkoloso, ambaye ameshatangaza kwamba Wazambia watawapita wote wawili.

Huyu hakuwa mtu wa kutoka hewani. Alipelekwa vitani na Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, kama babu wengi wa Uganda na Kenya waliopelekwa mpaka Burma. Aliporudi alifundisha, akaingia siasa za ukombozi, wakoloni wakamfunga. Kisha akaanzisha chuo chake na kukipa jina refu sana, chuo cha taifa cha sayansi, utafiti wa anga na falsafa. Wanafunzi wake walikuwa kama kumi na wawili. Nyota yao alikuwa msichana, Matha Mwamba, mwenye umri wa miaka kama 17. Matha ndiye angetumwa angani, na paka wawili wa kumsindikiza.

Mazoezi yalikuwaje? Mwanafunzi anaingia ndani ya pipa la mafuta, lile la lita 200 ambalo hapa kambini tunawekea maji. Pipa linasukumwa kutoka juu ya kilima, linabiringika mpaka chini. Ati ni kuzoea msukosuko wa roketi. Halafu kuna bembea ya kamba: ukifika juu kabisa kamba inakatwa, unaanguka, ili uzoee kukosa uzito. Na wakafundishwa kutembea kwa mikono, kichwa chini, kwa sababu mwalimu alisema mwezini ndivyo watu wanavyotembea.

Nkoloso aliomba pauni milioni 7 kutoka UNESCO. Hazikuja. Alitaka roketi irushwe siku ya uhuru kwenye uwanja wa sherehe. Hakuruhusiwa. Serikali mpya ikasema hiyo si kazi yake. Wanafunzi wakaanza kutawanyika. Matha akapata mimba, wazazi wake wakaja wakamchukua. Mambo yakaishia hapo. Roketi haikuondoka ardhini hata sentimita moja.

Waandishi wa kigeni walifurahi sana. Waliandika, wakapiga picha, wakacheka: tazama Waafrika, jana wamepata uhuru, leo wanataka mwezi! Kicheko hicho hakikuwa cha haki, na sababu ni hii. Tarehe 6 Desemba 1957 Marekani ilijaribu kurusha satelaiti yake ya kwanza, mbele ya kamera. Roketi iliinuka kama mita moja hivi, ikarudi chini, ikalipuka. Magazeti yao wenyewe yaliwacheka. Lakini hakuna aliyesema Wamarekani kwa asili yao hawafai kuota. Walipewa pesa, wakajaribu tena. Maskini akianguka mara moja, wanasema ndivyo alivyo.

Miaka ya karibuni kuna waliomsoma upya Nkoloso. Mwandishi wa Zambia Namwali Serpell alichimba habari zake, akauliza kama huenda mzee alikuwa anawatania wazungu kwa makusudi, na kama yale mazoezi ya vijana yalikuwa pia na siasa ndani yake. Baadaye Nkoloso alifanya kazi na wapigania uhuru wa nchi nyingine waliokuwa Lusaka. Alipofariki mwaka 1989 hakuzikwa kama mwendawazimu.

Sawa. Tunamtetea mzee. Lakini turudi kwenye swali letu: ndani ya pipa alikuwa nani? Aliyekuwa anabiringika ni mwanafunzi. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, amevaa kofia ya chuma na joho, anaongea na waandishi. Kwa miaka mingi dunia ilibishana kama Nkoloso alikuwa mjinga au mjanja. Matha alirudishwa kwao na mimba yake, binti aliyeambiwa atakuwa wa kwanza kufika kwenye nyota, na ni wachache sana waliouliza maisha yake yaliendaje.

ROKETI YA MTO LUVUA

Hii sasa ni ya kwetu, Bana Kongo, na inashangaza ni wangapi kati yetu hawajawahi kuisikia. Tulikua tukisikia Kolwezi, Moba, vita vya Shaba. Hii ya roketi hapana.

Mwaka 1975 Mjerumani mmoja, mhandisi Lutz Kayser, alianzisha kampuni iitwayo OTRAG. Wazo lake: roketi za bei rahisi. Badala ya mtambo mmoja mkubwa wa gharama, unachukua mabomba mengi yanayofanana, unayafunga pamoja kama mzigo wa kuni. Vifaa vingine vilikuwa vya dukani kabisa. Valvu za mafuta zilifunguliwa na mota za waipa, zile zinazofuta mvua kwenye kioo cha gari! Fundi yeyote wa gereji ya Mbarara angeelewa akili hiyo, na kama wazo, halikuwa baya.

Lakini Ujerumani hakuna mahali pa kurushia roketi. Ikianguka itaangukia nyumba ya mtu. Kwa hiyo wakatafuta mahali ambapo ikianguka hakuna mkubwa atakayelalamika. Wakakubaliana na Rais Mobutu. Kampuni ikapewa haki ya kutumia eneo la kilomita za mraba kama 100,000 kaskazini mwa Shaba, mpaka mwaka 2000. Chukua Rwanda yote, ongeza Burundi yote, bado hujafika; lile eneo lilikuwa karibu mara mbili ya nchi zote hizo mbili pamoja. Kituo kikajengwa juu ya uwanda ulioinuka, mto Luvua unapita chini bondeni.

Jaribio la kwanza, tarehe 17 Mei 1977, roketi iliruka. La pili, tarehe 20 Mei 1978, ikaruka pia. Kumbukeni Mei hiyo ya 1978: upande wa kusini wa mkoa huohuo wa Shaba waasi walikuwa wameingia Kolwezi, watu wanakufa, askari wa Ufaransa wanashuka kwa parashuti. Jimbo limewaka moto, na upande wa kaskazini wanarusha roketi.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuja kutazama, pamoja na wageni na kamera. Hii ndiyo ilikuwa siku yake ya kujionyesha kwa dunia: Zaire, nchi ya roketi. Hesabu ikafika sifuri. Roketi ikainuka vizuri. Halafu ikainama. Ikaendelea kuinama, ikaacha njia ya juu ikashika njia ya pembeni, ikaenda kuanguka bondeni, mbele ya macho ya rais na wageni wake wote.

Mwaka 1979, baada ya kelele nyingi za nchi jirani na za Urusi kwamba pale panatengenezwa silaha, Mobutu aliwaambia Wajerumani wafunge virago. Wakahamia Libya. Mobutu akaendelea kutawala mpaka 1997. Kayser akaendelea na maisha yake.

Ndani ya roketi ile hapakuwa na mtu. Kwa hiyo unaweza kusema hakuna aliyeumia. Ila sisi tunasema pipa lilikuwepo, tena kubwa: ilikuwa ni ile ardhi yote, na watu waliokuwa wanaishi juu yake. Mkataba ule una saini za wakubwa. Mvuvi wa Luvua hakuweka saini yake. Wao walihesabiwa kama uwanja mtupu wa kuangushia vitu, kama vile hapakai mtu.

PANYA WA MENKAO

Ya mwisho ni ya juzi juzi. Mhandisi Mkongomani Jean-Patrice Keka aliamua kwamba roketi zitarushwa na Wakongomani wenyewe, na akaanza kwa pesa za mfukoni mwake. Kituo chake kiko Menkao, mashariki ya mji wa Kinshasa. Roketi zake aliziita Troposphère. Mwaka 2007 moja ilipanda kilomita moja na nusu. Mwaka 2008 nyingine ilipanda kilomita 15 kwa sekunde 47. Jamani, hiyo siyo mchezo. Ndege za abiria zinapita chini ya hapo.

Mwaka 2009 ikaja Troposphère ya tano. Hiyo ilikusudiwa kufika kilomita 36, na ndani yake alikuwemo abiria: panya. Iliwaka, ikaondoka, ikapotea njia, ikaanguka. Panya akafa. Video ikazunguka dunia nzima na watu wakacheka kama walivyomcheka Nkoloso.

Keka hakuanza yeye kupakia mnyama. Tarehe 3 Novemba 1957 Warusi walimrusha mbwa aitwaye Laika, wakijua kabisa hatarudi, maana njia ya kumrudisha hawakuitengeneza. Alikufa huko juu, na leo ana sanamu Moscow. Panya wa Kongo hana. Lakini tukilinganisha na wa Luvua, Keka alifanya tofauti. Pesa ni zake, jina lililochekwa ni lake, na aliyemweka ndani alikuwa panya. Hakuweka binti wa mtu, wala vijiji vya watu. Na baada ya aibu ile hakuacha kazi.

SISI NA PIPA

Kwa nini tunawaandikia haya ninyi wa Nakivale?

Kwanza kwa sababu ya kicheko. Kijana wa hapa akisema anataka kutengeneza redio, au mtambo wa kuvuta maji ziwani, wa kwanza kumcheka huwa ni jirani yake. Ikiharibika mara ya kwanza wanampa jina la utani, na jina hilo linamfuata mpaka anaacha. Mmarekani wa 1957 angepewa jina akaacha, asingefika popote.

Pili, na hili ndilo zito. Wakimbizi tunaletewa majaribio mengi. Mbegu mpya, kadi mpya, njia mpya ya kugawa chakula, mradi wa miezi sita. Mingine ni mizuri na imetusaidia. Hatusemi tukatae kila kipya. Kukataa kila kitu nako ni woga. Tunasema tuulize kabla pipa halijasukumwa: ndani yuko nani? Ameulizwa? Likigonga jiwe, nani atamtoa, na nani atamtibu? Anayesimama pembeni na kofia ya chuma anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Bado anayebiringika siyo yeye.

Na swali hilo linatuhusu sisi kwa sisi pia. Tunaona vijana wanaojirekodi wakiinua boda gurudumu moja kwenye barabara ya vumbi ili video ipendwe. Anayeendesha amekubali hatari yake. Hiyo ni roho yake, kama Kibuka kwenye wingu. Lakini yule mdogo aliyepakiwa nyuma amekubali nini? Na mama anayetembea pembeni ya barabara na dumu kichwani? Ukitaka kuwa jasiri, bana, ingia kwenye pipa wewe mwenyewe, na hakikisha kule chini linakoelekea hakuna watu.

Tuna ombi moja. Hapa kambini kuna wazee waliotoka Manono, Kalemie, Moba na vijiji vya kando ya Luvua. Mwaka 1978 walikuwa vijana kama sisi. Kama una babu, bibi, baba mkubwa au jirani wa huko, kaa naye jioni, muulize kwa heshima alichokiona na alichokisikia Wajerumani walipokuwa kule: nani alipata kazi, nani alikatazwa kupita, siku ile ya Juni walisikia nini. Yaliyosemwa na Mobutu na Kayser yameshaandikwa. Ya wazee wetu hayajaandikwa, na wao hawatungoji milele. Andikeni kwa lugha yoyote mnayoiweza, mtuletee, tutayapanga pamoja.